Nyumbu wa Serengeti na kikomo cha malisho
Kuna mwandishi anayesema kwamba simba ndio wanaozuia nyumbu wa Serengeti wasizidi kuongezeka, lakini historia ya wanyama hao inaonyesha sababu nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa takriban 250,000. Baada ya chanjo ya ng'ombe kuiondoa sotoka, ugonjwa uliotoka kwa ng'ombe na kuua ndama wengi wa nyumbu, walizidi milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, na hapo ongezeko likasita kwa sababu majani ya kiangazi hayakuwatosha wote. Kadiri wanavyosongamana ndivyo vifo vya njaa vinavyozidi. Naomba sana mjadala wa uhifadhi uanzie kwenye malisho na Mto Mara, ambao nyumbu huutegemea wakati wa ukame.