Daraja Lililozibwa Tangu 2021

Jumamosi iliyopita niliteketeza bando la wiki nzima kupakua upya mchezo wa kompyuta nilioununua mwaka 2021, ukiwa bado haujakamilika. Nilikwenda moja kwa moja kwenye daraja la mashariki mwa ramani, ambako wakati ule kulikuwa na kibao kilichosema kwamba kijiji cha ng'ambo kingefunguliwa hivi karibuni. Kibao bado kipo. Mbao zilizoziba daraja ni zilezile, na kuku wawili waliokuwa wakitembea shibiri moja juu ya ardhi wanaendelea na safari yao. Kilichobadilika ni bei, ambayo imepanda.

Sina ugomvi na kuchelewa. Mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kuagiza kochi kwa mafundi wa Keko hahitaji kufundishwa subira: unatanguliza nusu ya fedha, unaambiwa uje Ijumaa, na Ijumaa inazaa Ijumaa nyingine. Lakini Keko unamkuta fundi, fremu unaishika kwa mkono, na nusu ya pili ya fedha bado unayo mfukoni, nayo ndiyo inayomkumbusha kazi yako. Huku kwenye michezo tunalipa yote siku ya kwanza, kisha tunabaki kuomba.

Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta lililofungua mwaka 2013 mlango huu wa kuuza michezo ikiwa nusu, linarudisha fedha bila maswali ukiomba ndani ya siku 14 na kama hujafikisha saa 2 za kucheza. Kanuni hiyo inafaa kwa bidhaa iliyokamilika, ambayo ubovu wake huonekana mapema. Mchezo unaouzwa ukiwa nusu haujulikani kwa saa 2. Ubovu wake ni ukimya wa mwaka wa tatu, wakati dirisha la kudai limeshafungwa zamani. Mchezo wa Kerbal Space Program 2 uliingia sokoni ukiwa nusu Februari 2023 kwa takriban dola 50, mwaka uliofuata watengenezaji wake wakapunguzwa kazi, na bado ukaendelea kuuzwa. Ni kweli kwamba tangu 2025 Steam huweka tangazo kwenye mchezo wa aina hii uliopitisha mwaka bila sasisho. Ahsante sana, muuzaji ametundika onyo mlangoni huku mkono wake ukiendelea kupokea fedha. Mchezo uliokaa miezi 12 bila sasisho usiuzwe hadi mwenyewe ajitokeze na kueleza kazi imefikia wapi.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba mchezo wa Baldur's Gate 3 uliuzwa ukiwa nusu tangu Oktoba 2020 hadi Agosti 2023 na ukatoka ukiwa mzuri ajabu. Lakini watengenezaji wake walikuwa wakisema na watu.

Nami niliwaandikia wenye daraja langu, kwa adabu, nikiuliza kama kazi bado inaendelea. Jibu lilifika kabla sijaweka simu chini, limejituma lenyewe, likinishukuru kwa uvumilivu wangu.