"Nimekubali": Neno Moja na Falsafa ya Lugha

Miaka kadhaa iliyopita mjomba wangu aliniuliza falsafa ya lugha niliyokuwa nikiisoma ingenipatia kazi gani, nami nikajitetea kwa maneno mazito ambayo hata mimi sikuyaelewa vyema. Jibu la kufaa nilikuja kulipata katika shughuli yake mwenyewe, siku alipomwoza binti yake.

Kila aliyehudhuria ndoa ya Kiislamu katika pwani yetu anaujua utaratibu. Sheikh humshika bwana harusi mkono, akamwambia, "Nimekuoza fulani binti fulani kwa mahari mliyokubaliana," naye hujibu, "Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo." Kabla ya maneno hayo watu wawili hawakuwa mume na mke; baada yake wamekuwa. Maneno hayakuieleza ndoa iliyokuwapo mahali fulani, bali ndiyo yaliyoifunga. Na bwana harusi huyo huyo akiyatamka usiku wa kuamkia harusi, akijizoeza mbele ya rafiki zake, hakuna kinachotokea, wala hatuwezi kusema kwamba amesema uongo. Yamekosa masharti tu: hakuna walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, hakuna mashahidi, hakuna nia.

Mwanafalsafa wa Kiingereza J. L. Austin aliifanya tofauti hii, baina ya maneno yanayoeleza jambo na maneno yanayolitenda, kuwa maarufu kwa mihadhara aliyoitoa mwaka 1955 katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambayo ilichapishwa mwaka 1962, miaka miwili baada ya kifo chake. Alikuwa akiwapinga waliodhani kwamba kazi kuu ya sentensi ni kueleza mambo, ili tuipime kwa ukweli na uongo. Miongoni mwa mifano yake ya kwanza ulikuwa wa ndoa, na hapo mhariri wa kitabu alilazimika kuongeza tanbihi kwamba maneno aliyoyanukuu Austin siyo yanayotumika katika ibada ya ndoa. Naipenda sana tanbihi hiyo. Hata bingwa wa kuchunguza maneno huteleza anapoyategemea masikio ya kumbukumbu.

Lililonishughulisha zaidi ni la sarufi. Austin alipotafuta alama ya semi za namna hii, alianzia kwenye kitenzi cha nafsi ya kwanza katika wakati uliopo, kwa kuwa ndivyo Kiingereza kinavyoahidi, kinavyoapa na kinavyoomba radhi. Kiswahili nacho husema "naapa" na "nakuahidi". Lakini penye ndoa tunasema "nimekubali", na penye talaka mume husema "nimekuacha", kwa kiambishi kile cha -me- ambacho shuleni tulifundishwa kuwa ni cha tendo lililokwisha timia. Limetimia lini, ilhali kabla ya tamko hapakuwa na tendo?

Sehemu ya jibu imo katika Kiarabu, ambacho tamko lake la ndoa hutumia kitenzi cha wakati uliopita: *zawwajtuka* (nimekuoza), *qabiltu* (nimekubali). Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walilijadili jambo hili karne nyingi kabla ya Harvard, wakaeleza kwamba umbo la wakati uliopita huonyesha uthabiti, ilhali umbo la wakati uliopo au ujao laweza kufahamika kuwa ni ahadi tu. Kwangu mimi hiyo ni falsafa ya lugha iliyokomaa, ingawa ilifundishwa misikitini na katika madrasa kwa jina jingine, na nasikitika kwamba tunaosoma somo hili vyuoni huwa tunaanza hesabu ya historia yake Ulaya.

Hata hivyo, si lazima kila kitu kiwe kimetoka Uarabuni. Muuza nguo anayechoka kupatana bei husema, "Haya, nimekupa," kabla hajaiachilia nguo. Aliyekosewa husema, "Nimekusamehe," na msamaha unapatikana papo hapo. Angesema "nakusamehe", mkosaji angeweza kubaki na wasiwasi kwamba jambo bado lina mkia. Naona, basi, kwamba Kiswahili huelekea kutumia -me- pale tamko linapofunga jambo, na -na- pale linapofungua deni la siku zijazo. Ndiyo maana "nimekuahidi" husikika kama taarifa ya ahadi ya jana.

Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, aliwasihi wanafalsafa wa Afrika wayafikiri upya matatizo ya falsafa kwa lugha zao wenyewe, waone yapi yanabaki na yapi yanayeyuka. Wengi huchukulia wito huo kama suala la heshima ya lugha za mama. Mimi nauona kuwa ni suala la kazi yenyewe, maana swali la -me- nisingelikuta katika kitabu cha Kiingereza hata ningesoma miaka ishirini, na anayeliandika kwa Kiswahili hamfanyii msomaji hisani ya kumtafsiria. Anamwonyesha chombo ambacho mikono yake imekishika tangu utotoni.

Nilimweleza mjomba haya yote juzi, kwa kirefu, chai ikipoa mbele yetu. Alinisikiliza kwa subira mpaka nikamaliza, akasema, "Nimekuelewa, mwanangu," kisha akainuka kwenda kuswali. Sina hakika kama alikuwa akinieleza hali ya akili yake, au alikuwa ameyafunga mazungumzo.