Mwenyekiti Kasema Nililia Pantoni. Jamani, Lilikuwa Jasho

Kwa kuwa Mwenyekiti wa grupu letu ameshatuma voisi ya dakika nne kuhusu mambo ya Jumamosi kwenye pantoni, kile kivuko cha Kigamboni, na voisi hiyo imeshafika kwa shangazi yangu Tanga ambaye hata kwenye grupu hayumo, naona niseme mwenyewe. Mawili tu nayakanusha. Gari halikutaka kuzama. Na mimi sikulia. Lile lilikuwa jasho, saa sita mchana, Dar. Wewe hujawahi kutoka jasho la macho?

Mengine yote ni kweli. Hata la ndoo.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua nilivyowachosha na hii habari tangu mwaka jana. Nataka gari la wikiendi. Siyo la kwenda kazini, kazini naenda na mwendokasi nimebanwa kwapani mwa watu kama binadamu wengine. Nataka gari la Jumamosi: la chini, linalounguruma, la kwenda Bagamoyo kula pweza na kurudi bila sababu yoyote ya msingi.

Nikaanza na MR-S. Toyota, injini iko nyuma ya mgongo wako, paa ni turubai unalifunua. Mama watoto akachungulia simu yangu. "Viti viwili?" Nikasema ndiyo. "Na watoto?" Nikanyamaza. "Buti iko wapi?" Hapo ndipo nilipogundua kwamba buti ya kueleweka haina, nyuma ya viti kuna kijisehemu ambacho ukitia mkoba na kandambili kimejaa. MR-S ikafa siku hiyo hiyo. Mazda Roadster nayo ikafa kwa kesi ileile ya viti. Altezza nzuri, sikatai, ila Sinza ukipiga mluzi zinageuka tatu.

Ndipo nikakutana na Mazda RX-8.

Jamani. Viti vinne. Milango minne, ila ya nyuma imejificha, huwezi kuiona mpaka ufungue ya mbele, halafu inafunguka kinyumenyume kama kabati la bibi harusi. Ya mbele ikiwa imefungwa, ya nyuma haifunguki kwa namna yoyote. Hilo la mlango lishikeni, litarudi.

Halafu injini. Haina pistoni! Ina mapembetatu mawili yanazunguka ndani ya chumba chenye kiuno kama cha nyigu. Asili yake ni Mjerumani, Felix Wankel, ila Mazda ndio walioing'ang'ania tangu Cosmo Sport ya mwaka 1967. Mwaka 1991 gari lao la 787B lenye injini ya ukoo huo likashinda mbio za saa 24 za Le Mans, la kwanza kutoka Japani kushinda pale. Haya yote nilikuwa nayo kichwani, nayatema kama mtoto wa madrasa. Nilijua gari gani lilishinda nini Ufaransa mwaka 1991. Sikujua kuuliza hili la kwangu linawakaje likiwa la moto.

Dalali nilimkuta Kinondoni. RX-8 ya 2004, nyekundu, gia za manyuo, namba D, milioni 11. "Cc 1300 tu bosi," akaniambia. "Sawasawa na IST." Kale kagari kadogo ka Toyota. Nikatazama kadi, kweli, cc 1308. Nikajiona mjanja kuliko mji mzima: gari la mbio, unywaji wa IST. (Mliokwisha kumiliki hiki kitu, najua mnagaragara hapo mlipo. Hiyo 1300 ni ya kwenye karatasi. Kituo cha mafuta inahesabika kama gari la 2500 na ushee. Na oili nayo inakunywa, tena makusudi, ndivyo ilivyoundwa: inajirushia kidogo ndani ili ncha za yale mapembetatu zisikauke. Usipochungulia kijiti cha oili mara kwa mara, unazika.)

Sasa sikilizeni kosa langu lilipo. Nilipofika, nilikuta gari linaunguruma. "Nimekuwashia kabisa bosi, usipate shida." Mimi nikaona ukarimu. Tukalizungusha hadi Mwananyamala, linakwenda kama ndoto, sindano inapanda huku moyo wangu unaifuata. Tukarudi. Nikanyoosha mkono nizime. "Acha AC ikupoze bosi, jua kali hili." Nikaona huruma. Tukaandikishana gari likiunguruma, tukahesabiana hela gari likiunguruma, nikapeana naye mkono gari likiunguruma. Sijawahi kumwona yule bwana akilizima. Fundi sikuenda naye, maana fundi wangu wa mtaa wa Gerezani nilipompigia aliuliza pistoni ngapi, nikamwambia haina, akasema, "Sasa linatembeaje, kwa dua?" Nikamwona mshamba. Leo ninamwamkia.

Siku tatu likawaka vizuri, kila asubuhi, likiwa la baridi. Naliwasha, linaunguruma, majirani wanachungulia, nazima, naenda zangu kituoni kugombania basi.

Jumamosi ikafika. Kigamboni, kula samaki ufukweni. Mama watoto kiti cha mbele, miwani ya jua, mtandio mpya. Nyuma Mwenyekiti, kilo zake mnazijua, magoti yamefika kidevuni. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao, na nashukuru Mungu hawakuona.

Tunakaa Tabata. Mtu wa Tabata mwenye akili zake anashuka na Barabara ya Mandela, anakata Kurasini, anapita Daraja la Nyerere, kwisha. Mimi nikasema tupite mjini, tupande pantoni. Mama watoto akauliza kwa nini. Nikamwambia upepo wa bahari. Uongo mtupu. Darajani kila mtu anapita na hamsini zake, hakuna wa kukutazama. Pantoni watu wamesimama, hawana kazi, wana macho.

Foleni ya Feri dakika 40 juani, gari likinguruma, sogea kidogo, simama. Tukaingizwa. Na kwa bahati yangu ile mbaya iliyovaa nguo za bahati njema, nikapangwa mbele kabisa, kule lango linakoshukia. Nikazima. Nilizima kwa madaha, kidole kimoja.

Mambo yalikuwa matamu, nisiseme uongo. Waliolipa shilingi 200 zao za mguu wamelizunguka. Mtoto kapigwa picha kaegemea boneti. Kijana mmoja akaniuliza hii chuma gani, kaka. Nikashusha kioo chote, nikaweka kiwiko nje, nikamwelezea Le Mans yote. Akauliza, "Kwa hiyo ndo hili?" Nikamjibu, "Ni ukoo mmoja." Hilo jibu, ndugu zangu, ndilo limeandikwa sasa hivi kwenye picha ya grupu.

Pantoni ikagusa upande wa pili. Lango likashuka. Mwenye firimbi akaninyooshea kidole, akakivuta: njoo.

Nikazungusha ufunguo. *Wiwiwiwiwiwi.*

Nikatabasamu. Unajua lile tabasamu la kadi ikikataa benki. Nikazungusha tena. *Wiwiwiwiwiwiwiwi.* Lazunguka kwa kasi, jepesi, kama linataka, ila haliwaki. Mwenye firimbi akapuliza. Pembeni yangu bodaboda zikaanza kupenya, moja, mbili, kumi. Abiria wa miguu wakapita na mabegi yao, na kila anayepita anainama kidogo kutazama ndani. Kila mmoja! Nyuma yangu Fuso ikapiga honi, ile honi ya kuita maiti. Yule kijana wa Le Mans alikuwa bado yupo. Hakusema kitu. Aliondoa mkono wake kwenye paa, taratibu, kama mtu anayejitoa kwenye kesi.

Kutoka nyuma Mwenyekiti anasoma simu: "Wanasema kanyaga mafuta mpaka chini ndo uwashe, limemeza petroli." Nikakanyaga mpaka chini. *Wiwiwiwi... wiwi... wi.* Kisha *tik.* Betri ikaaga dunia.

Mama watoto hakunitazama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Miaka 9 ya ndoa, najua maana ya kufutwa kwa ile miwani.

"Sukumeni!" Sijui nani alisema. Ghafla nyuma kuna mikono: wapiga debe, mmachinga na soksi zake shingoni, baba mmoja kavaa kanzu. Akatokea mama muuza samaki, kipande cha mama, ndoo ya vibua kichwani. Akaitua, akatafuta pa kuiweka, hapakuwapo, chini pamelowa. Akaja dirishani. "Dada, nipokee hii nimsaidie mumeo." Na kabla mke wangu hajafungua kinywa, ndoo imeshakaa mapajani, juu ya mtandio mpya.

Mwenyekiti anasema kwenye voisi kwamba "alitaka sana kusaidia." Kweli hakuweza kutoka, nimtetee. Mlango wake haufunguki mpaka wa mbele ufunguliwe, na wa mbele una mke wangu, na mke wangu ana ndoo. Kwa hiyo akabaki kiti cha nyuma, na yeye anasukumwa, kilo zote zile, na kwa kuwa mikono ilikuwa huru, akarekodi.

Gari likaanza kwenda. Lango la pantoni lina mahali linapokutana na zege, panainuka kidogo. Gari la kawaida halipaoni. Hili langu likapaona. *Krrrrrrrr.* Mdomo wa bampa ukachanika kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kama mtu anafungua zipu. Huku nyuma wanahesabu, "Moja! Mbili!" Mmoja akapiga kelele, "Tia gia ya pili! Achia klachi!" Na mimi mjinga, kwenye kilima, na watu wameegemea na vifua, nikatia ya pili, nikaachia. Gari likakwama ghafla. Nyuma nikasikia *pu pu pu*, vifua vya wasamaria wema kwenye buti, kisha matusi ya lugha tatu. Maji ya vibua yakaruka, yakamwagikia kiti cha ngozi, yakatiririka mpaka kwenye gia. Mkono wangu ulikuwa juu ya gia. Nikaona gamba moja dogo la samaki limenata kwenye kidole cha pete.

Hapo ndipo jasho liliponitoka machoni. Mnaweza kulisikia kwenye klipu, naambiwa, sekunde ya 48. Jasho lina sauti.

Tulipofika juu, mama akachukua ndoo yake, akahesabu samaki mbele yangu, akasema, "Pole baba. Gari zuri ila." Mtoto mmoja akaja mbio na kipande cha bampa. "Anko, mdomo wako umeubakisha." Nikampa mia tano.

Mengine ya haraka haraka tu. Tulivutwa kwa kamba. Na IST. Ya mdada mmoja anayekwenda saluni, hata kiti hakukisogeza, akatuvuta mpaka kwa fundi jirani na cc zake 1300 za kweli. Tulipofika likapoa, likaazimwa umeme wa betri ya IST, likawaka mara moja bila kubembelezwa, mbele ya watu wote, nikaonekana mwongo. Fundi wa pale alikuwa anaijua ile injini. Akaniambia ncha za mapembetatu zimelika. Asubuhi oili ni nzito inasaidia kuziba, litawaka. Likichemka kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani, inavuja, halishiki mpaka lipoe. Akauliza, "Ulipolinunua ulikuta limezimwa au linaunguruma?" Nikamwambia nina haraka. Samaki hatukula. Tulirudi Tabata na Daraja la Nyerere, madirisha wazi, na ni kweli hakuna aliyetutazama. Mama watoto alizungumza mara moja tu, karibu na Buguruni: "Nilisema Noah."

Bei ya kuunda upya injini msiniulize, nikiitaja jasho linarudi. Dalali simu yake inaita, haipokelewi. Harufu nimejaribu limau, nimejaribu siki, nimejaribu udi. Sasa linanuka harusi ya samaki. Na wewe wa Mbeya unayeweka vikatuni vya ndoo kwenye kila posti yangu, hata ile ya msiba, nakuona.

Gari lipo chini ya mwembe. RX-8, 2004, nyekundu, viti vinne, mwenyewe mmoja mstaarabu, halijawahi kwenda mbali. Cc 1300, sawasawa na IST. Anayelitaka aje tu. Ila akitoka kwake anipigie kwanza, nimuwashie kabisa asipate shida.