ITV na king'amuzi: nani aliwapoteza watazamaji?

Lawama dhidi ya ITV, kituo binafsi cha televisheni cha Tanzania, zimeshazoeleka. Kituo kimezeeka, wanasema vijana: taarifa ya habari ni ileile ya saa mbili usiku, na mjadala wa Kipima Joto ni uleule. Azam TV, televisheni ya kulipia iliyoanza karibu miaka ishirini baadaye, imefunga mkataba wa kuonyesha Ligi Kuu ya soka wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na tamthilia zake ndizo zinazozungumzwa vijiweni. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Fedha zile zimezifikia klabu ambazo zamani zilisafiri kwa kuchangishana, na waigizaji wetu wamepata kazi. Anayelipia kifurushi kwa hiari yake ana haki ya kupewa kitu kizuri.

Ila hukumu ya kwamba ITV ilijimaliza yenyewe inaruka kipande kikubwa cha historia.

Kituo hiki cha marehemu Reginald Mengi kilianza 1994, mwaka mmoja baada ya sheria ya utangazaji kufungua milango kwa watu binafsi. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara hapakuwa na kitu. Hata TVT, televisheni ya taifa, ilipozinduliwa mwaka 2000, vituo binafsi vilikuwa na miaka sita hewani. Kwa hiyo uchaguzi wa 1995, wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe, ulikuta mtu wa Bara anaweza kuwaona wagombea kwa macho yake, bila serikali kumiliki hata kituo kimoja cha televisheni upande huu.

Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba hewa ile ilijazwa vitu vya nje, na mfano wao mkubwa ni Isidingo ya Afrika Kusini. Ni kweli ilitawala jioni za watu. Ila kituo kilekile ndicho kilichowapa nafasi kikundi cha maigizo cha Kaole Sanaa Group, wakaigiza kwa Kiswahili cha nyumbani mambo ya nyumbani: fitina za ukoo, mirathi, uchawi, mapenzi. Steven Kanumba na Vincent Kigosi, yaani Ray, walijulikana kupitia tamthilia hizo kabla ya kuwa nguzo za Bongo Movie, yaani filamu za Kitanzania. Anayeihesabu Bongo Movie bila kuzihesabu tamthilia zile za ITV anakosea hesabu.

Na kuziona tamthilia zile kuligharimu nini? Televisheni, antena juu ya mti, basi. Majirani walijaa sebuleni au dirishani, na hakuna aliyeulizwa kama amelipia mwezi huu.

Hilo lilianza kubadilika usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, kisha miji mingine ikafuata. TCRA, mamlaka ya kusimamia mawasiliano, ilikuwa na sababu za kweli: tarehe ya mwisho ya kimataifa ilikuwa Juni 2015, masafa yalihitajika kwa mawasiliano mengine, na mtambo mmoja wa dijitali hubeba chaneli nyingi. Hayo yote nayakubali. Lakini mzigo wa kuhama alibebeshwa mtazamaji, aliyetakiwa kununua king'amuzi ili aone kile alichokuwa akikiona bure. Kituo nacho kiliacha kumfikia mtu moja kwa moja. Kikawa chaneli moja kati ya nyingi katika mtambo wa pamoja. Kwa kituo kinachoishi kwa matangazo ya biashara, kila nyumba isiyonunua king'amuzi ni mapato yaliyopotea, na mapato hayo ndiyo yangelipia tamthilia tunazokilaumu kwa kutozitengeneza.

Kisha ikaja Agosti 2018. TCRA ilizuia chaneli za bure za ndani zisionekane kwenye ving'amuzi vya televisheni za kulipia za DStv, Zuku na Azam, kwa kuwa leseni za kampuni hizo hazikuwaruhusu kuzibeba. Kisheria mdhibiti alikuwa na hoja: chaneli ya bure isigeuzwe bidhaa ya kuuza vifurushi. Ila aliyeumia ni nani? Mwenye dishi la Azam huko kusikofika mawimbi ya mitambo ya ardhini alikosa ITV kabisa, na hakuwa amevunja leseni yoyote. Baadaye chaneli zilirudi, lakini mazoea ya mtazamaji hayarudi kwa tangazo la mamlaka.

Ninachoidai ITV ni kimoja, na ni kizito: baada ya Kaole, sijaiona ikiwekeza tena kwa moyo uleule katika maigizo. Itenge muda wa saa moja wakati wa jioni, ikichukue kikundi cha vijana wasiojulikana, iwavumilie mwaka mzima hata wadhamini wakisita. TCRA nayo ihakikishe kwamba kila king'amuzi kinachouzwa nchini, cha dishi au cha antena, kinaonyesha chaneli za bure za ndani hata kifurushi kikiisha, na kwamba mwenye king'amuzi hatozwi chochote kwa hilo.