Halikuwa jiwe, ilikuwa sampuli

Jamani, mliosikia ile sauti aliyoirekodi jamaa yangu, kwamba nimempiga mgeni jiwe mgodini: sijampiga jiwe! Ilikuwa sampuli ya tope la saruji, ya siku 3. Kwa uimara wa kilopaskali 200, silinda ya upana wa milimita 50 na urefu wa 100 hupasuka ikibebeshwa kilo kama 40 tu. Mtoto wa darasa la sita akisimama juu yake, kwisha habari. Jiwe gani hilo?

Kwa wageni wa ukurasa: mgodini tukishatoa mbale (mawe yenye madini), pango linajazwa tope zito la marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa madini), saruji na maji, ili tuchimbe jirani yake bila ukuta kutushukia. Tope hilohilo mimi nalijaza kwenye vikopo, nalilaza chumba cha unyevu, halafu nalibana kwa mashine likitimiza siku 3, 7, 14, 28, nione siku zikiongezeka limekaza kiasi gani kabla ya kupasuka.

Sampuli hung'ang'ania kopo. Dawa yake ni tundu dogo chini: unagusisha upepo wa kompresa, kidogo, inateleza. Kidogo. Lishikeni hilo neno.

Basi kaja mama mmoja mkubwa toka makao makuu, reflekta mpya, mikunjo ya dukani bado ipo. "Mwanangu, hebu nionyeshe." Msimamizi kasimama pale. Mimi tena!

Nikagusa upepo. Kimya. Nikaongeza, ikatoa "psii" pembeni, ikagoma. Nikalikumbatia kopo, mdomo wake ukiangalia… (msiniulize kwa nini haukuangalia ukutani), nikabana hadi mwisho.

Kwanza ukatoka utepe wa maji. Kisha kichwa cha kijivu kikachungulia, taratibu, kwa adabu. Nikatabasamu: "Mnaona?"

PWAA! Niliiona ikipita. Niliona hata namba niliyoichora juu yake kwa msumari. Mama naye aliiona, maana alisema "Eeh!" kabla haijafika. Ikatua kwenye reflekta, ikafumuka. Kibonge kimoja kikakaa juu ya kitambulisho chake, kikatulia pale, sote tunakitazama, hakuna anayepumua. Kisha kikaserereka: kifuani, tumboni, gotini, chubwi ndani ya gambuti.

Akakitazama kilipozama. Akanitazama mimi. "Na ile ya siku 28, mwanangu, ungenitoa roho?"

Pole zikaombwa, maji yakaletwa, reflekta nyingine ikatafutwa. Msimamizi akanisukumia fomu, sehemu ya "sababu ya kukosa matokeo". Nimeandika: "Sampuli ilijaribiwa nje ya mashine."

Imerudishwa.