Shoto, Kuume, Nje: Lugha ya Watu Wawili Garini

Jiwe lilikuwa na ukubwa wa ndoo ndogo, limekaa upande wa ndani wa kona, nusu yake imefukiwa kwenye udongo mwekundu. Nilikuwa nimeliandika daftarini. Nililisoma kwa sauti, tena kwa wakati wake. Mwenzangu akalipanda hivyo hivyo. Rimu ikapinda, shokapu ya mbele ikamwaga mafuta, na Subaru yetu ikasimama katikati ya misonobari, imeinamia upande mmoja kama ng'ombe aliyevunjika mguu.

Hayakuwa mashindano. Yalikuwa mazoezi ya mbio za magari za milimani, yeye akiwa dereva na mimi msoma ramani, yaani ninayemsomea njia kutoka daftarini, kwenye barabara ya shamba la miti huku Kilolo, mkoani Iringa, ambayo mwenye shamba alituruhusu kuifunga kwa saa chache za asubuhi. Hakuna aliyeumia. Kabla vumbi halijatua, mwenzangu alinigeukia na kofia yake kichwani: "Kaka, si umesema kata?"

Nilisema "usikate", yaani asiikate kona kwa kupita upande wa ndani. Yeye alisikia "kate". Kokoto zilikuwa zinapiga sakafu ya gari kama mvua ya mawe, zikameza silabi mbili za mwanzo, akabaki na kitenzi kitupu kinachomwambia kinyume cha nilichokusudia. Kiswahili huweka ukanushaji mwanzoni mwa neno, mahali ambapo sikio la dereva bado halijafika. Ukizungumza sebuleni hilo halina madhara. Ukiwa kwenye kilomita 110 kwa saa, bonde likiwa upande mmoja, lina madhara makubwa.

Tulikaa chini ya mti tukisubiri fundi, na hapo ndipo nilipoanza kuamini ninachokiandika leo. Watu wawili wanaojiandaa kwa mbio za magari za milimani, kazi yao ya kwanza ni kutengeneza lugha. Gari linafuata. Na lugha hiyo wakishaitengeneza ni mali yao wawili, haiwezi kukodishwa kwa mtu wa tatu siku nne kabla ya kuanza.

Kwa asiyejua mambo haya: kabla ya mbio, kila gari huruhusiwa kupita njia kwa mwendo wa kawaida, huku likifuata sheria zote za barabarani. Safari ya kwanza dereva anaitazama njia na kutamka anachokiona, msoma ramani anaandika. Safari ya pili msoma ramani anasoma, dereva anasahihisha. Kona hupewa namba kulingana na ukali wake. Sisi moja ni kali kabisa, sita ni karibu mnyoofu. Kisha yanaongezwa mambo yanayoweza kukuua: kilele kinachoficha barabara, daraja jembamba, kona inayobana mwishoni, korongo lililochimbwa na mvua. Siku ya mbio dereva haendeshi kwa macho peke yake. Anaendesha kwa masikio, kona moja au mbili mbele ya pale alipo.

Wengi hapa kwetu huandika noti zao za njia kwa Kiingereza, au kwa mchanganyiko. Sababu naielewa, maneno ni mafupi. Lakini mwenzangu anawaza kwa Kiswahili, na anapoogopa anaogopa kwa Kiswahili, nami sikutaka kichwa chake kifanye kazi ya kutafsiri kwenye mteremko. Kwa hiyo tuliamua kuandika kwa lugha yetu, na baada ya lile jiwe tukaanza upya ukurasa wa kwanza.

"Kushoto" na "kulia" yote mawili yanaanza na "ku". Dereva anapoteza sekunde muhimu akisubiri kujua ni ku-ipi. Tulijaribu "shoto" na "lia", tukagundua kwamba "lia" inagongana na "mia", na mia, yaani mita mia, ni umbali tunaoutaja kila baada ya kona mbili tatu. Mwenzangu ndiye aliyekumbuka bibi yake wa Pangani, ambaye maisha yake yote alisema mkono wa kuume. Sasa tuna shoto na kuume. Haziwezi kuchanganywa hata na kelele ya injini.

Namba nazo zilitusumbua. "Tatu" na "tano" zinafanana mwanzoni, na kati ya kona ya namba tatu na kona ya namba tano kuna tofauti ya kufika nyumbani. Tukarudi tena kwa bibi wa Pangani: tano ikawa "hamsa". "Nne" ni sauti ya puani, inazama kabisa kwenye mngurumo. Tuliifuta. Kona zote za kiwango hicho tunazigawa, ama tatu ama hamsa, na ikiwa tunabishana inakuwa tatu. Mwenzangu bado hajaridhika na hilo, anasema tunapoteza muda kwenye kona nzuri. Ni kweli tunapoteza. Nimekataa kuirudisha.

"Usikate" imekuwa "nje". Neno moja, fupi la kushika, linamwambia akae nje ya kona na asiguse upande wa ndani. "Tahadhari" ni refu mno, tukachukua "chunga". Hatari ya kawaida ni chunga, hatari kubwa ni chunga chunga, na hapa lugha yetu ilitusaidia yenyewe, kwa sababu kurudia neno ili kulizidisha uzito ni jambo ambalo sikio la Mswahili limelizoea tangu utotoni. Pale anapotakiwa kufungua gari lote: "kanyaga".

Basi mstari mmoja wa daftari letu unasikika hivi: "Kanyaga, mia, kilele, shoto tatu nje, inabana, hamsini, kuume pini, chunga." Pini ni kona inayopinda karibu kurudi ilikotoka. Nikikusomea wewe mstari huo hautakusaidia kitu. Yeye anauona.

Hili si jambo tulilolibuni sisi. Mwaka 1955 dereva Mwingereza Stirling Moss alishinda Mille Miglia, mbio za takriban kilomita 1,600 kwenye barabara za kawaida za Italia, kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, zikivuka milima ya Apenini. Alitumia saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Kando yake alikaa Denis Jenkinson, mwandishi wa habari mwenye ndevu, aliyekuwa ameandika njia nzima kwenye karatasi ndefu ya zaidi ya mita 5, akaiviringisha ndani ya kisanduku chenye dirisha. Walikuwa wamepita njia ile kabla, wakibishana kona kwa kona. Kwa kuwa gari lilikuwa wazi na sauti haisikiki, walikubaliana ishara za mikono. Njiani Jenkinson alitapika, upepo ukabeba miwani yake, akavaa ya akiba na kuendelea kusoma. Nikifikiria kazi yangu huwa namfikiria yeye na ile miwani ya akiba. Mimi pia nabeba mbili, ingawa macho yangu hayana tatizo kubwa.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki tuna mfano ambao kwangu ni mzito zaidi. Mbio za magari za Safari (Safari Rally) zilianza 1953, na katika miaka ya sitini zilikuwa zinapita Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika. Barabara zilikuwa tope. Mlima wa Magara, ule wa kupandia Mbulu kutoka upande wa Ziwa Manyara, ulikula magari mengi. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968, tena 7 tu. Miaka yote miwili walioshinda ni wale wale wawili, Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwenye Peugeot 404. Watu husema walikuwa na bahati na mvua. Mimi siamini kwamba bahati inakumbuka sura za watu baada ya miaka mitano. Naamini wawili hao walikuwa wameshazoeana kiasi kwamba tope halikuwafanya waanze kuelezana upya. Hata dereva Shekhar Mehta, aliposhinda Safari mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, kiti cha pembeni alikaa Mike Doughty mara zote nne.

Ndiyo maana inaniuma ninapoona kiti cha msoma ramani kikitolewa kwa anayelipia matairi. Yalinikuta. Dereva niliyekuwa namsomea kabla ya huyu alinipigia simu siku nne kabla ya mbio, akaniambia kwa upole kwamba kuna kijana ambaye familia yake itagharamia mafuta na matairi, na akaniomba daftari langu. Nilimpa. Kijana alikuwa mwerevu na mwenye adabu, sikuwa na neno naye. Lakini mwandiko ulikuwa wangu, vifupisho vilikuwa vyangu, na hakuna aliyemwambia kwamba alama ndogo niliyoiweka juu ya namba ina maana ya daraja. Walilala mtaroni kabla ya kumaliza hatua ya kwanza ya mbio. Namshukuru Mungu walitoka wazima. Nasema wazi: waandaaji wangeweka sharti kwamba watu wawili waliopita njia pamoja ndio watakaoingia garini pamoja, isipokuwa kwa ugonjwa, tungezika hofu nyingi.

Na kuna neno dogo la magazetini linaloendana na hilo. Huandikwa "dereva fulani na msoma ramani wake". Wake! Kama begi lake.

Nisionekane nadharau gari. Iringa mjini ni kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huku Kilolo kuna sehemu zinapanda zaidi. Injini isiyo na turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, kama yetu, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo mwenzangu alipopata fedha kidogo alitaka kutafuta injini ya turbo. Tulibishana kwa wiki mbili, nusu ya ubishi huo tukiwa gereji mbele ya mafundi, nao wakiwa upande wake. Mimi nilitaka shokapu mpya, bamba zito la chini la kulinda injini, na vipaza sauti vizuri vya ndani ya kofia. Nilitaka pia mafuta ya breki yabadilishwe yote.

Hili la breki wengi hulipuuza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani taratibu. Yale ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Kwenye mteremko wa kilomita sita, wenye pini baada ya pini, mafuta yanachemka ndani ya mabomba, mapovu yanaingia, na pedali inazama mpaka sakafuni bila kukamata kitu. Mwenzangu alikubali siku nilipomwonyesha mafuta ya zamani kwenye chupa ya maji: meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Turbo ikasubiri.

Mengine ni ya kukagua na kutia alama. Vikata mikanda viwili, kila mmoja aweze kukifikia akiwa amefungwa kitini. Vizima moto. Pembetatu ya kuweka angalau mita 50 nyuma ya gari likikwama, na bango lenye OK upande mmoja na SOS upande wa pili. Tumefanya zoezi la kutoka garini kwa giza, macho yamefungwa kwa kitambaa. Muda wa kufika kwenye vituo vya ukaguzi wa saa ni jukumu langu: kuchelewa dakika moja ni adhabu ya sekunde 10, kuwahi dakika moja ni adhabu ya dakika nzima. Nikikosea hapo, hakuna kona yoyote itakayorudisha.

Lakini kitu kilichonifundisha zaidi msimu huu ni kupita njia taratibu. Kilomita 30 kwa saa, dirisha wazi, daftari magotini. Unakutana na lori la magogo linaloshuka katikati ya barabara. Unakutana na bodaboda iliyobeba magunia mawili ya mkaa. Kijiji kimoja tulisimama kwa mzee aliyekuwa anachunga mbuzi. "Kamwene," akatuamkia, nasi tukaitikia kamwene, kisha shikamoo. Alitazama daftari langu akauliza tunapima barabara ya lami? Tulimweleza. Akatuonyesha kwa fimbo: pale penye mkaratusi uliochomwa na radi, barabara inaonekana nzima, lakini chini yake maji yamechimba. Gari zito likipita ukingoni, panabomoka. Tulishuka, tukakanyaga kwa miguu, tukasikia uwazi. Kwa macho ya garini tusingepaona hata tungepita mara kumi.

Nikaandika: "Kilele, kuume hamsa, nje, chunga chunga, mkaratusi." Mwenzangu akasema ongeza "mzee". Nikaongeza. Neno hilo halina namba wala mita, na nina hakika siku ya mbio litampunguza mwendo kuliko yote.

Usiku huwa tunasoma. Mimi nakaa mezani na taa, yeye anakaa kwenye kigoda, amefumba macho, ameshika sinia kama usukani. Nasoma kwa kasi ya mbio. Mikono yake inageuka, mguu wake wa kuume unakanyaga sakafu. Nikichelewa kusoma anasimama na kufungua macho. Akigeuza kabla sijatamka, nasimama mimi, kwa sababu hiyo ina maana ameanza kukariri, na anayekariri haachi nafasi ya kitu kilichobadilika.

Na kimebadilika. Jana wametupigia simu kutoka kijijini kwamba greda limepita. Jumamosi tunarudi Kilolo na penseli mpya. Ukurasa wa 11 hadi wa 19 tunauandika upya, tukianzia pale kwa mzee.