Kidimbwi Kilichokauka Bado Kina Wenyewe

Wiki mbili baada ya masika kushika, nilisimama kando ya kidimbwi kwenye nyanda za Athi, si mbali na mji wa Kitengela, nikachota maji kwa chupa ya kioo na kuiinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tope lilipotulia nikaona uduvi kama kumi hivi, wembamba, warefu kama ukucha wa kidole gumba, wakiogelea chali huku miguu yao ikipunga kuelekea juu bila kupumzika. Majike walikuwa na kifuko cha mayai nyuma ya miguu. Kijana aliyekuwa akinywesha mbuzi alisogea akatazama, kisha akaniambia, “Mama, hao ni wadudu wa mvua tu. Maji yakiisha, nao wameisha.”

Sikumlaumu, kwa maana ndivyo wengi wetu hapa Nairobi tunavyofikiri, wakiwemo wanaotoa vibali vya ujenzi. Hata hivyo, uduvi hawa hawatoweki maji yanapokauka. Mayai yao yana ganda gumu linalostahimili ukavu na jua, na huweza kulala udongoni kwa miaka mingi yakiwa hai. Mvua inaponyesha, baadhi huanguliwa na mengine hubaki yamelala, kama mkulima asiyemaliza mbegu zote ghalani kwa mvua moja, ili kidimbwi kikikauka mapema kabla ya kizazi hicho kutaga, ukoo usikatike. Kwa hiyo kidimbwi halisi ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuganda kwenye viatu wakati wa mvua. Maji ni msimu wake tu.

Uduvi hawa wa maji baridi wana ndugu wa maji ya chumvi, artemia, ambaye mayai yake huuzwa duniani kote kwa ajili ya kulisha vifaranga wa samaki na kamba. Yeye ana soko, kwa hiyo anajulikana. Kundi lao zima lina spishi zaidi ya 300, na barani Afrika jenasi ya Streptocephalus, yaani jamii moja ya spishi zenye undugu wa karibu, ina spishi nyingi, ambazo hutambuliwa hasa kwa umbo la vipapasio ambavyo dume hutumia kumshika jike. Bila hadubini na mtu aliyezoea kazi hiyo, spishi mbili zitaonekana kuwa moja, na hapo ndipo tunapoweza kupoteza kitu bila hata kujua kwamba tulikuwa nacho. Upepo, ndege wa majini na kwato za wanyama husambaza mayai, lakini zipo spishi zenye makazi finyu mno. Marekani iliweka spishi kadhaa za California chini ya ulinzi wa sheria katika miaka ya 1990, baada ya mashamba na nyumba kumeza vidimbwi vyao vya msimu.

Huku kwetu kifusi na changarawe vinamwagwa kila wiki kutoka Syokimau hadi Kitengela, na hasara hiyo kila mtu anaiona. Linaloniuma zaidi ni uharibifu unaofanywa kwa nia njema. Kidimbwi kinachimbwa kiwe silanga ya kudumu, kisha kinatiwa perege, na watu wanashukuru kwamba mahali palipokuwa patupu sasa pana faida. Uduvi hawa hawana gamba la kujikinga wala mbio za kumkwepa samaki. Wamedumu kwa sababu wamechagua maji ambayo samaki hawezi kukaa. Mfugaji anahitaji silanga, nami sipingi hilo, ila ichimbwe kando.

Wapo watakaoniuliza kuhusu mbu. Ni kweli kwamba baadhi ya mbu nao hutaga mayai yanayosubiri mafuriko udongoni, na miongoni mwao wamo wanaoeneza homa ya Bonde la Ufa. Kwa hiyo siombi vidimbwi viachwe milangoni pa watu. Naomba vichache vya nyikani viachwe jinsi vilivyo, kwa sababu Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba zipatazo 117 tu, na nyanda zinaendelea mbali nje ya mipaka yake.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 1990, na maeneo yake 6 yaliyoorodheshwa ni maziwa ya Bonde la Ufa na delta ya Mto Tana. Mkutano wa mkataba huo uliofanyika Valencia, Hispania, mwaka 2002 ulipitisha mwongozo kuhusu vidimbwi vya msimu, na sisi wenyewe tuna kanuni za ardhioevu za mwaka 2009. Pengo ninaloliona liko katika kalenda. Niliwahi kusoma ripoti ya tathmini ya mazingira ya mradi mmoja wa nyumba ambayo ukaguzi wake ulifanywa Februari, wakati wa kiangazi, na ikaandikwa kwamba kiwanja hakina uhai wa majini. Mkaguzi angechukua udongo wa pale mahali penye bonde, akauweka kwenye beseni na kuumiminia maji ya mvua, huenda angeandika jingine. Mimi nimefanya hivyo kwa udongo wa Kitengela, kwenye kibaraza changu. Siku ya tatu kulikuwa na vidoa vyeupe vikirukaruka majini, vidogo kuliko punje ya chumvi, na baada ya wiki moja vilikuwa vikiogelea chali.